Umejifanyia Kazi Mwenyewe. Pesa ya Fundi Iko Wapi?

Mashine ya kunyoa ulinunua Januari. Tangu hapo watoto hawajaenda kwa kinyozi hata mara moja. Nguo unafua mwenyewe Jumamosi, mfereji wa jikoni uliurekebisha bila kuita fundi, na chapati hununui tena kwa kibanda. Sasa fungua simu uangalie salio. Mbona liko vile vile?

Wengi wakifika hapo husema ni uchumi, bei ya unga imepanda, nauli nayo. Ni kweli, lakini kuna sababu nyingine iliyo karibu zaidi. Pesa ambayo hukutumia haitumi ujumbe. Ukimlipa kinyozi, simu inalia na unaona kiasi kilichotoka. Usipomlipa, simu inanyamaza. Ile 200 inabaki kwenye salio pamoja na pesa nyingine zote, na kufikia Jumatano imeshakuwa nauli, mandazi na bando. Ulifanya kazi ya kinyozi lakini hukulipwa.

Somo la leo ni hilo tu: ukifanya kazi ambayo ungemlipa mtu, jilipe. Jilipe siku hiyo hiyo, kwa bei ile ile, kwa simu. Pesa itoke kwenye salio la matumizi iende mahali ambapo si rahisi kuigusa. Kabla ya hapo, lazima ujue ni kazi gani zinafaa kujifanyia, kwa sababu nyingine zinakula pesa kuliko fundi mwenyewe.

Tuanze na kinyozi, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi

Tuseme ni familia ya Umoja, baba, mama na wavulana wawili. Watoto wananyolewa kwa 50 kila mmoja, baba 100. Ni 200 kila wiki mbili, yaani mara 26 kwa mwaka: shilingi 5,200. Bei za kwenu zinaweza kuwa tofauti, kwa hivyo weka zako.

Mashine ya kunyoa ya nyumbani tuseme ni 1,800 pamoja na mafuta yake. Gawanya 1,800 kwa 200 upate 9. Hiyo ina maana mara 9 za kwanza, karibu miezi minne, bado hujaokoa kitu. Unarudisha pesa ya mashine. Kuanzia mara ya 10 ndio faida inaanza, na mwaka wa kwanza unabakiwa na mara 17, ambazo ni 3,400. Mwaka wa pili, mashine ikiwa bado nzima, ni 5,200 kamili. (Hii yote ni kama baba atakubali kunyolewa nyumbani. Akikataa, toa ile mia yake, na miezi minne inakuwa minane.)

Sasa angalia tofauti. Familia A inanyoa nyumbani na kuendelea na maisha. Familia B inanyoa nyumbani, na kabla nywele hazijafagiwa mama anahamisha 200 kwenda kwenye akiba. Desemba ikifika, familia A ina vichwa safi. Familia B ina vichwa safi na 5,200, ambazo 1,800 ni za kununua mashine nyingine hii ikiharibika, na 3,400 ni za viatu vya shule Januari. Kazi waliyofanya ni ile ile.

Mahali pa kuweka

Usiiache kwenye salio la kawaida, kwa sababu hilo ndilo unalolipia kila kitu. Akiba ya simu kama M-Shwari, ambayo iko tangu Novemba 2012, inapokea hata kiasi kidogo na haikukati kitu ukihamisha kutoka M-Pesa. Anza hapo. Zikifika kiasi cha maana, zifunge kwa miezi kadhaa kwenye akiba ya kufungia. Kama chama chako kina mweka hazina unayemwamini, hata huko ni sawa. Tunachotaka ni pesa ihame siku ile ile ya kazi.

Lakini kama una deni la Fuliza, simama kwanza. Fuliza inatoza ada ya 1% ukichukua, halafu ada ya kila siku mpaka umalize, na pesa yoyote ikiingia kwenye simu inakatwa kwanza. Kufungia 200 kwenye akiba huku unadaiwa Fuliza ni kupata riba ndogo upande mmoja na kulipa kubwa upande wa pili. Kwa hivyo pesa ya kinyozi ya miezi ya kwanza ilipe deni. Hiyo pia ni kujilipa.

Tukiwa bado kwenye simu, kuna kazi moja ya kujifanyia ambayo haihitaji chombo chochote. Kwa viwango vya M-Pesa vilivyoanza 2023, ukitoa kiasi chochote kati ya 101 na 2,500 kwa wakala unakatwa 29. Ukitoa 300 mara tatu kwa wiki umelipa 87. Ukitoa 900 mara moja umelipa 29. Tofauti ni 58 kwa wiki, na kwa wiki 52 ni 3,016. Ukilipa kwa till ya duka huna haja ya kutoa kabisa, na mteja hakatwi. Viwango hubadilika, kwa hivyo soma ujumbe wako wa mwisho wa kutoa pesa uone ulikatwa ngapi. Kama wewe ni wa kuona noti mfukoni na kuzimaliza siku hiyo, hii njia haikufai. Lipa kwa till.

Kazi ambazo hesabu yake inadanganya

Maharagwe ni mfano mzuri, kwa sababu kila mtu anaamini kuchemsha mwenyewe ni bei nafuu. Si kila mara. Gorogoro moja kavu, karibu kilo 2, tuseme ni 300. Ikiiva inatoa kama vikombe 20. Kwa mama anayeuza yaliyochemshwa, kikombe kiwe 30, hivyo 20 ni 600. Unaona umeokoa nusu. Subiri, hatujanunua moto. Kama hukuloweka usiku na jiko lako ni lile la bati tupu, unaweza kumaliza kasuku mbili za makaa. Kwa 100 kila kasuku, sasa umetumia 500. Umekaa karibu na jiko masaa matatu kwa faida ya shilingi 100. Kama huna friji na mko wawili tu nyumbani, nusu ya sufuria itachacha kabla hamjaila, na hapo umepata hasara.

Yule mama wa maharagwe anakushinda kwa sababu anachemsha gunia, si gorogoro. Moto mmoja unapika ya watu mia. Ukitaka kumkaribia, loweka kuanzia usiku, mwaga yale maji, tumia jiko lenye udongo ndani, funika sufuria, na chemsha pamoja na jirani mmoja au wawili, mgawane makaa na maharagwe. Jiko hilo la udongo lilianza kuenea Nairobi miaka ya 1980, na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo na Kamukunji ndio waliolifanya likawa la kila nyumba. Ukienda kununua huko, angalia kama udongo umeshikana na bati na hauna nyufa. Kupasuka kwa udongo ndiko kunakomaliza jiko mapema. Na tafadhali, makaa yawake nje au mahali pa wazi. Moshi wake usioonekana huua watu wakiwa wamelala kwenye chumba kilichofungwa.

Sukuma wiki kwenye gunia nayo iangalie kwa macho mawili. Mbegu ni bei rahisi, gunia ni la bure, na baada ya wiki sita hadi nane unaanza kuchuma. Shida ni maji. Mitaa mingi ya Eastlands maji huja kwa zamu, na siku hayapo unanunua kwa mtungi. Ukimwagilia kwa maji ya kununua, hiyo sukuma itakuwa ghali kuliko ya mama mboga, ambaye pia anakukatia bila malipo. Gunia linalipa kama una maji ya kuoshea mboga na mchele ya kulimwagia. La pili ni udongo. Usichote udongo wa bure kando ya jaa la Dandora. Utafiti wa UNEP wa 2007 ulipata madini ya risasi kupita kiasi kwenye udongo wa eneo hilo na kwenye damu ya watoto wa karibu. Afadhali ununue udongo na mbolea kwa wanaouza miche barabarani, uweke gharama hiyo kwenye hesabu.

Sabuni ya maji ni kinyume: ukiifanya peke yako ni nyingi kupita matumizi, mkiwa wengi inalipa sana. Vifaa vya lita 20, yaani Ungarol, asidi ya salfoniki, magadi, chumvi, rangi na manukato, huuzwa pamoja kwenye maduka ya kemikali mjini. Familia moja itakaa na lita 20 miezi mingi. Familia nne zikigawana, kila moja inabeba lita 5 na kulipa robo. Vaeni glovu na mchanganye mahali penye hewa. Ile asidi inachoma ngozi, na watoto wasiwe karibu. Kisha kila mmoja ahamishe kwenye akiba tofauti kati ya alichochanga na bei ya lita 5 za dukani. Ukiacha hiyo hatua, utabaki na sabuni nzuri na salio lile lile.

Halafu kuna saa yako. Hii watu huisahau. Kama wewe ni wa boda na Jumamosi asubuhi ndio abiria wako wengi, kufua nguo masaa matatu ili uokoe 400 ya mama fua kunaweza kukukosesha 800. Fua jioni, au mlipe yeye. Lakini kama saa hizo huwa uko nyumbani bila kibarua, basi saa yako haina bei ya kupoteza na kazi ni yako. Jiulize swali moja tu: wakati huu ningekuwa nalipwa wapi?

Na kwa kuwa tumemtaja mama fua, niseme wazi. Yeye ni jirani. Pesa unayomlipa inalipa karo palepale Kayole. Ukibanwa kweli, mpunguzie badala ya kumwacha: nguo za kila siku fua mwenyewe, blanketi na mapazia mwachie yeye mara moja kwa mwezi, na mwambie mapema ili ajipange. Kwa maoni yangu, kabla ya kumgusa mama fua, gusa kwanza zile ada za kutoa pesa na zile safari za duka mara tano kwa siku kununua mafuta ya kadogo.

Kujifanyia si lazima ushike nyundo

Eastlands ina mfano mkubwa wa hili, na wengine wetu tunaishi ndani yake. Mwaka 1975 Baraza la Jiji la Nairobi, kwa pesa za serikali na Benki ya Dunia, lilianza mradi wa Dandora wa karibu ploti 6,000. Wengi wa waliopewa hawakupewa nyumba. Walipewa kiwanja chenye choo na bafu, maji na njia ya maji taka, pamoja na mkopo wa vifaa. Vyumba ujijengee.

Waliopanga mradi walifikiri watu watajenga kwa mikono yao. Wengi hawakufanya hivyo. Walikuwa na kazi mchana, na hawakuwa waashi. Walichofanya ni kuwa wasimamizi: walinunua mawe na mabati wenyewe, wakatafuta fundi mdogo wa mtaani, wakamlipa kazi kwa hatua, chumba kimoja kwanza. Chumba cha pili kilijengwa kwa kodi ya cha kwanza. Wengine waliunda vikundi, wakachanga kila mwezi, na kujengeana kwa zamu.

Njia hiyo inafanya kazi hata kwa mambo madogo. Fundi akikwambia kabati ni 9,000 "na kila kitu", muulize vifaa gani na vingapi. Andika. Nenda mwenyewe Gikomba kwa wauza mbao au Kariobangi Light Industries, uulize bei kwa watu watatu. Nunua vifaa kwa till, ili jina la duka na kiasi vibaki kwenye ujumbe. Kisha patana na fundi bei ya kazi peke yake, na mlipe kwa hatua mbili: sehemu akianza, iliyobaki akimaliza na umejaribu milango. Usimtumie pesa yote asubuhi kwa sababu amesema mama yake ni mgonjwa. Kama ni mgonjwa kweli msaidie, lakini hiyo iwe pesa tofauti na ujue ni zawadi.

Ile tofauti kati ya 9,000 na ulichotumia ndiyo mshahara wako wa usimamizi. Umeshajua inaenda wapi.

Mfereji unaodondosha ndio kazi ya kwanza nzuri kwa mpangaji. Mara nyingi ni kale kampira kadogo ndani kamechoka. Funga maji kwenye koki kuu, fungua mfereji kwa spana, toa kampira, nenda nako hardware wakupe saizi hiyo hiyo, zungusha ile tepu nyeupe kwenye nyuzi, rudisha. Lakini kabla hujaanza, mtumie keateka au mwenye ploti ujumbe: mfereji unavuja, nitaurekebisha kwa kiasi fulani, kitolewe kwenye kodi? Akijibu ndio, umepata kibali na ushahidi. Mali ni yake, na ni haki achangie. Ukitengeneza kimya kimya, usitegemee kurudishiwa.

Hapa usijifanyie

Stima. Kubadilisha balbu ni sawa. Shawa ya stima, swichi inayotoa cheche, soketi iliyoungua, au waya uliounganishwa na wa jirani, hizo ni za fundi mwenye leseni ya EPRA, na kwa ploti gharama ni ya mwenye nyumba. Ukiona waya wa nje umeanguka au nguzo inatoa cheche, usikaribie. Piga 97771 uwaambie Kenya Power. Shawa inayokupiga shoti kidogo kila ukigusa mfereji usiizoee. Zima swichi yake kuu na uoge maji ya jiko mpaka itengenezwe.

Gesi. Unachoweza kufanya mwenyewe ni kupaka povu la sabuni kwenye kiungo cha mpira na regyuleta kila ukibadilisha mtungi. Povu likifura, inavuja. Funga, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima stima, toa mtungi nje na uurudishe kwa aliyekuuzia. Mpira wa gesi uliopasuka haufungwi na tepu. Nunua mwingine.

Na mtoto mwenye homa usimtibu kwa dawa zilizobaki za mwaka jana ili uokoe ya kliniki.

Zoezi la wiki hii

Omba stetimenti ya M-Pesa ya miezi mitatu, kupitia *334# au kwenye programu ya simu. Itakuja kwa barua pepe, na nambari ya kuifungua itakuja kwa ujumbe. Chukua kalamu. Weka alama kwa kila malipo ambayo ulikuwa unalipia kazi ya mtu, si bidhaa: kinyozi, kufua, kubeba maji, kushona zipu, kupika. Weka alama nyingine kwa kila ada ya kutoa pesa. Jumlisha kila aina kivyake.

Chagua aina moja tu ambayo inarudi mara nyingi na ambayo unaweza kuifanya bila kukosa kibarua. Andika bei yake kwenye karatasi na uibandike mahali kazi inafanyiwa, kama ni zipu basi kwenye kopo la sindano, kama ni maji basi kwenye mtungi. Kila ukimaliza, kabla hujanawa mikono, hamisha kiasi hicho. Baada ya miezi mitatu omba stetimenti nyingine, uangalie kama hizo pesa zinaonekana zikienda kwenye akiba kwa idadi ya mara ulizofanya kazi. Kama ulifua mara 12 na ulihamisha mara 5, zile mara 7 nyingine ulifua bure.